Kila Fungu na Mwenyewe

Ukiwa mtu wa Marangu, halafu ukawaambia ndugu zako kwamba Krismasi mwaka huu unakwenda kuila Rwanda, swali la kwanza utakaloulizwa ni umegombana na nani. Kwetu Uchagani Desemba haina mjadala. Dar es Salaam inapungua watu, mabasi ya Moshi yanajaa hadi nauli inakuwa habari ya magazeti, magari madogo yanapandisha kutoka Chalinze yakiwa yamelemewa na sukari, mchele, mablanketi na madumu ya mafuta, na watani wetu wa makabila mengine wanatucheka kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Krismasi ya 2023 nilimwomba mama ruhusa, akanipa shingo upande, nikaenda Gisenyi kwa rafiki yangu tuliyesoma naye Arusha. Kila Desemba alikuwa akiniambia, "Njoo basi uone na sisi tusiosafiri tunavyofanya."

Kutoka Kigali barabara ya kaskazini-magharibi ni kona tupu, mlima unaingia, mlima unatoka. Nyirangarama kila gari linasimama, abiria wanashuka kununua mahindi ya kuchoma, mishikaki na vichupa vidogo vya Akabanga, pilipili ya mafuta ambayo tone moja linatosha sahani nzima. Ukipita Musanze volkano za Virunga zinaanza kujionyesha, na kufika Mukamira baridi imeshaingia ndani ya koti. Huko udongo ni mweusi, magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando ya njia, watoto wamejitanda mashuka. Mtu wa Kilimanjaro anajiona yuko kwao, ila tu huku hakuna mlima mmoja wa kuutegemea. Ipo mingi, na mmoja wao, Nyiragongo, ng'ambo ya Congo, bado unawaka.

Halafu unaanza kuteremka. Rafiki yangu alikuwa amezungumza njia nzima, lakini tulipofika kwenye bonde la Mto Sebeya, karibu na mashamba ya chai ya Pfunda, alinyamaza. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka huohuo mvua ilinyesha bila kupumzika, mto ukatoka kwenye njia yake, milima ikaporomoka. Watu zaidi ya 130 walikufa, wengi wao katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na wilaya ya Rubavu, ambamo Gisenyi imo, ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kando ya barabara kulikuwa na kuta zilizobaki bila paa, na juu yake mstari wa tope kavu ulionyesha maji yalifika wapi. Mstari ulikuwa juu ya kichwa changu. Tukapita Nyundo, ambako Wamisionari wa Afrika walijenga misheni tangu 1901, na ambako mwaka 1952 Aloys Bigirumwami aliwekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Askofu huyo alitumia miaka mingi kukusanya mila, methali na miiko ya Wanyarwanda na kuichapa vitabuni. Nilimkumbuka mara kadhaa katika siku zilizofuata, kwa sababu nyumba niliyofikia ilikuwa imejaa mambo ambayo yeye angeyaandika.

Gisenyi imeegemea Ziwa Kivu na Goma imeegemea Gisenyi. Kati ya miji hiyo miwili kuna mahali ambapo kinachotenganisha nchi ni uchochoro. Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini hapa hakuna aliyekuwa akisubiri sheria hiyo. Sokoni, kwenye pikipiki, kwenye foleni ya mpakani ambako akina mama wanavuka na mabeseni ya mboga kichwani tangu alfajiri, Kiswahili cha Kivu ndicho kinachouza na kununua. Kwa hiyo mama wa rafiki yangu, ambaye kila mtu hadi wajukuu humwita Mukecuru kwa heshima ya umri wake, alinipokea kwa lugha niliyoielewa, ingawa ilinibidi nitege sikio.

"Karibu mwanangu. Ulitoka mbali. Ingiya, kuko chai."

Nilimpelekea kahawa ya Kilimanjaro na doti moja ya khanga. Akanitaka nimsomee maandishi, nikamsomea, akacheka, akaikunja. Siku ya Noheli, kama wanavyoiita Krismasi huko, niliona kipande kimoja kiunoni mwake na cha pili kimefungwa na rafiki yake wa tangu ujana, mwanamke wa nyumba ya tatu. Pwani ya kwetu marafiki wanagawana doti namna hiyohiyo. Huyu hakuwahi kufika pwani.

Chini ya kitanda cha Mukecuru kuna boksi la kadibodi. Pasaka ikipita anaanza kulijaza, na ikifika Desemba ndilo Noheli ya mtaa mzima. Hana orodha. Kazi anayoifanya mwaka mzima ni kuangalia watu.

Mjukuu wake mkubwa ni motari, dereva wa pikipiki, na asubuhi kabla jua halijachomoza huwa na abiria wa kupanda nao upande wa Mukamira. Mwezi Juni alipita kunywa chai, akakishika kikombe kwa viganja vyote viwili muda mrefu bila kunywa. Mukecuru hakusema neno. Aliagiza nyuzi za sufu akamfumia glovu, na nchani akaviacha wazi vidole viwili vya kila mkono, kidole gumba na cha shahada, ili kijana aweze kuhesabu chenji na kubonyeza simu bila kuzivua. Nilizishika. Pale ufumaji ulipoishia alikuwa amepitisha uzi mara mbili, usije ukafumuka.

Binti wa jirani alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, muhula wake wa kwanza, akilalamika kwa mama yake kwamba sabuni inaisha haraka. Mama alimwambia apunguze povu. Mukecuru, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, alielewa kitu kingine: alimnunulia kufuli la sanduku, la shaba, lenye funguo mbili. Fundi cherehani anayeanza kuona vibaya alipata taa ndogo ya kuchaji ya kubana kwenye mashine. Na mwanamke mmoja aliyesombewa nyumba na Sebeya, ambaye sasa amepanga chumba mbali kidogo na hapo, aliwekewa gunia dogo la viazi vya mbegu vilivyokwisha kuanza kuchipua. Shamba lake liko juu mlimani, halikuguswa na maji, ila hakuwa na cha kupanda.

Nilimuuliza kwa nini asimpe mchele na mafuta, kwa kuwa ndiyo sikukuu.

"Leo chakula kila mutu atamupatia," akasema. "Mwezi wa mbili ndiyo batu banasahau."

Mwezi wa pili ndipo msimu mwingine wa kupanda unapoanza. Alikuwa ameshafanya hesabu hiyo.

Maneno yale yalinifanya niifikirie Krismasi yetu ya Kilimanjaro, ninayoipenda na nitakayoendelea kuifuata. Zawadi zetu zinafanana. Sisi tunaoishi mijini tunanunua kile ambacho hakuna atakayekikataa: sukari, blanketi, kitenge, shati la mzee. Zina upendo wa kweli, watu wanajinyima miezi ili kuzileta, na mzee anayepokea blanketi kutoka kwa mwanawe aliyetoka Mwanza anapokea pia habari kwamba mwana yu hai na ana kazi. Lakini mtu aliye mbali hana namna ya kuona kikombe kinavyoshikwa mwezi Juni. Kinachomwezesha Mukecuru kutoa zawadi zile si hela, maana hela hana. Ni kwamba yuko palepale, miezi kumi na miwili, na anatazama.

Vitu vyake haviingii kwenye mifuko ya rambo. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, sisi Tanzania tukafuata Juni 2019, kwa hiyo Rwanda kuna kizazi kizima ambacho hakijui zawadi iliyofungwa kwa nailoni. Vidogo anavifunga kwa karatasi ya kaki na kamba ya mgomba. Vinavyostahili heshima zaidi vinaingia kwenye agaseke, kile kikapu cha mfuniko mrefu uliochongoka ambacho kimo hata kwenye nembo ya taifa. Kikapu hicho huenda na kurudi. Aliyekipokea atakirudisha, na hatakirudisha kitupu, hata ikiwa ni maparachichi mawili. Mukecuru alinionyesha kimoja ambacho amekuwa akipelekeana na rafiki yake wa nyumba ya tatu tangu wote wawili walipokuwa wanawali, na hajui tena kilianzia kwa nani.

Watoto wa huko wanangoja nguo. Hilo halina tofauti na kwetu, Noheli bila nguo mpya mtoto anaiona haijafika. Zamani nguo hizo zilitoka kwenye mitumba, ambayo Wanyarwanda huiita caguwa. Mwaka 2016 serikali iliipandishia ushuru mkubwa ili kukuza viwanda vya ndani, Marekani ikakasirika na mwaka 2018 ikasimamisha nafuu ya kodi iliyokuwa ikiipa Rwanda kwa nguo zake. Habari hiyo niliisoma magazetini wakati ule kama jambo la mawaziri. Kumbe mwisho wake ulikuwa kwenye kibaraza cha fundi cherehani wa mtaani, ambapo wiki ya Noheli palikuwa na foleni ya akina mama, kila mmoja ameshika kitambaa na mtoto, na fundi anapima mabega akiwa na pini mdomoni. Mama mmoja alimwambia aache upindo mpana chini ya gauni ili mwakani lishushwe. Mtoto akanuna. Fundi akautoa uzi wa njano, rangi ambayo mtoto alikuwa akiitazama muda wote, akamshonea ua dogo mfukoni. Nadhani na yeye alikuwa na boksi lake mahali fulani.

Siku moja kabla ya mkesha alivuka binamu wa nyumba ile kutoka Goma. Alileta vitenge, na alikuwa na haraka kwa sababu upande wa Congo mpaka ulikuwa ukifungwa mapema, mchana. Mukecuru alimjazia viazi na maharage katika beseni lake la bluu, mzigo mzito kuliko ulioletwa. Kwa kawaida Goma hulishwa na mashamba ya Masisi na Rutshuru, lakini mapigano yalikuwa yamezifunga njia na bei zilikuwa zimepanda mno. Hawakulizungumza sana. Binamu aliujaribu uzito, akasema ni mwingi, Mukecuru akaongeza kitunguu. Tulimsindikiza hadi karibu na kivuko cha mpakani kinachoitwa barieri ndogo, akaingia kwenye msururu wa watu, na kwa muda mrefu tuliweza kuliona lile beseni la bluu likisogea juu ya vichwa.

Nyama ndiyo iliyonifundisha zaidi. Katika mitaa mingi watu wana kimina, kama kile tunachokiita kikoba au mchezo, na kimina cha mtaa huu huchanga kila wiki mwaka mzima kwa jambo moja tu: ng'ombe wa Noheli. Alichinjwa machinjioni, daktari wa mifugo akapiga muhuri, kisha nyama ikaletwa kwenye uwanja wa katibu wa kimina asubuhi ya tarehe 24. Majani ya mgomba yalikuwa yametandikwa chini kwa safu. Wanaume wawili walikata, wa tatu alikuwa akitembea na mizani, na kila fungu lilipewa kila kitu: mnofu, mfupa, kipande cha ini, kipande cha utumbo. Fungu likionekana limenenepa mtu mmoja alisema, pande moja likahama. Walipomaliza, katibu aligeuka akawapa wote mgongo, akafungua daftari. Kijana akagusa fungu kwa fimbo na kuuliza, "Hili la nani?" Katibu, bila kuona, akataja jina. Wakaenda hivyo hadi jani la mwisho.

Kwetu mbuzi wa Krismasi akichinjwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, hakuna bahati nasibu. Kila kiungo kina mwenyewe tangu enzi za mababu; kuna nyama ya babu, kuna ya shangazi, kuna ya mkaza mwana, na ukikosea ukampa mtu kisichokuwa chake umemtukana yeye na ukoo wake. Supu ya kisusio ina wanaoianza. Mgao wetu unakwambia wewe ni nani katika ukoo, na ndiyo maana mtu anasafiri kilomita mia tano kuja kuupokea. Mgao wa Gisenyi unasema kwamba wote mliochanga mko sawa, mwalimu na mbeba mizigo, na jicho lisipendelee. Nilisimama pale nikijaribu kuamua upi ni bora, nikashindwa, kisha nikaona kwamba huu wa pili umeundwa na watu ambao wengi wao hawakuzaliwa hapo. Wengine walirudi kutoka Congo, wengine walishuka kutoka milimani. Ukoo hauwezi kuundwa upya kwa kuchanga. Ujirani unaweza.

Jioni ile watoto walijenga ikirugu, pango la kuzaliwa kwa Yesu, kwenye kona ya sebule. Mti hawakukata; walipewa matawi ya misipresi iliyokuwa imepunguzwa. Paa lilikuwa la majani ya mgomba, nyasi walizikata nyuma ya nyumba, na kati ya wanyama wa udongo waliowafinyanga wenyewe ng'ombe wote walikuwa na pembe ndefu kama za inyambo, ng'ombe wa jadi wa Rwanda, zinazoinuka na kukaribiana juu. Kondoo alikuwa mmoja tu na hakushughulikiwa sana.

Tulirudi kutoka misa ya usiku tukala. Wali, chipsi, ndizi zilizopikwa na karanga, isombe, yaani kisamvu, nyama, Fanta kwa watoto, na sinia la sambaza waliokaangwa wakauka. Sambaza ni dagaa wetu wa Tanganyika. Ziwa Kivu halikuwa nao. Waliletwa kutoka kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na sasa kila usiku usio na mbalamwezi wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka, wakipiga makasia kwa wimbo. Watu wazima walikunywa bia inayotengenezwa hapohapo Rubavu, ambako kampuni ya Bralirwa ilianza mwaka 1957, na wachache wakachagua urwagwa, pombe ya ndizi, ambayo kwa mnywaji wa mbege yetu ya ndizi na ulezi ni nyepesi na kali zaidi, haina ule uzito wa ulezi.

Simu ililia. Ni mjukuu aliyeko Kigali, amechelewa kupata likizo, ametuma hela kwa simu. Mukecuru alimshukuru kwa moyo wote. Kisha akaanza kumuuliza: unafuliwa nguo na nani? Chumba kina dirisha? Njiani kwenda kazini unapanda gari au unatembea? Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba mama anatafuta cha kuweka kwenye boksi. Vijana wengi wanahamia Kigali sasa, na Mukecuru anawatazama kwa namna pekee iliyobaki, kwa maswali ya simu kila Jumapili.

Baada ya chakula waliniomba niwaeleze Krismasi ya kwetu. Nikawaeleza magari, vihamba, mtori, utani wa kuhesabiwa. Watu wakacheka. Mukecuru akaniuliza, "Nani anabahesabu?" Nikamwambia ni wazee. Akatikisa kichwa taratibu.

"Na mimi nahesabu batu bangu kila Noheli," akasema. Akawataja. Alianza na waliokuwa mezani, akaenda kwa wa Kigali na wa Goma, halafu akaendelea na majina ambayo watoto waliyafahamu kwa kusikia tu, ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, aliyoyataja kwa mpangilio uleule na sauti ileile, mume, kaka wawili, dada na watoto wa dada. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alimwambia motari amwongezee mgeni ndizi.

Tarehe 26 ni sikukuu pia huko, na ndiyo siku ya kupeleka zawadi za mbali kidogo. Tuliubeba mzigo wa viazi vya mbegu kwa zamu hadi kwa yule mama aliyesombewa nyumba. Alifungua gunia, akatoa kiazi kimoja, akakigeuza kuangalia macho yake, akauliza ni vya wapi. Akaambiwa. Akauliza tena umbali wa kuachiana wakati wa kupanda, na hapo yeye na Mukecuru wakaingia kwenye mazungumzo marefu ya mbolea na ukungu wa viazi, mimi nikiwa nimesahauliwa kabisa.

Jioni kimina kilikutana kuanza mwaka mpya wa michango. Nikaomba niandikwe. Katibu akaniuliza fungu langu apewe nani Desemba ijayo endapo sitakuwepo. Nilikuwa nimekwisha kulifikiria: nikamtajia mke wa yule motari, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba. Desemba atakuwa bado ananyonyesha, na kwetu mama anayenyonyesha anapikiwa mtori wa ndizi na nyama yenye mfupa. Nikamweleza rafiki yangu unavyopikwa, akaandika pembeni. Katibu naye akaandika jina, akapokea mchango wangu wa wiki ya kwanza, akaniuliza wa wiki ya pili nitautuma kwa njia gani.